Mshenga Asiye na Mdomo

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, habari ndiyo hii.

Zita, binti wa Kilema, kule mlimani Kilimanjaro, anayeishi chumba cha kupanga Pasua, mjini Moshi, aliacha kazi Dar es Salaam kwenye kampuni iliyotengeneza programu ya kutafutia wachumba. Aliiacha kwa hasira. Kampuni ile ilifurahi mtu akikaa mpweke, maana mpweke hushinda kwenye simu, na siri zake walimuuzia kila aliyebisha hodi.

Basi akarudi Moshi akatengeneza ya kwake, peke yake, akaiita Taratibu. Haina matangazo. Haitaki jina la ukoo wala dhehebu. Picha huioni mpaka wote wawili mkubali. Mazungumzo hujifuta yenyewe, na Zita mwenyewe hawezi kuyasoma hata akitaka. Ukishapata mwenzako, inakuaga kwa heri na kukuombea mema.

Kwenye mabango aliyobandika mjini aliandika maneno manne: Mshenga asiye na mdomo. Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Binamu yake Priska alimpata humo kijana Jesse wa Mabogini. Wakapendana, wazazi wakaitwa, mbege ya posa, ile pombe yetu ya ndizi, ikapanda mlimani. Ulutheri wa Jesse ulishajadiliwa ukaisha. Kumbe wakati wa kujitambulisha, baba yake Jesse akasimama akataja ukoo wake, na ukoo ule ulikuwa uleule wa Priska. Ukoo mmoja hauoani, posa ikavunjika. Babu wa Jesse alitelemka zamani kwenda bondeni Mabogini kufuata mashamba ya mpunga, na watoto wake wakaandikishwa shule kwa jina lake, si la ukoo. Hakuna aliyeshtuka mapema kwa kuwa kila upande uliona bango, ukasadiki kwamba mshenga kashapita. Na mshenga yeyote wa Kichagga, mwenye mdomo au asiye nao, kazi yake ya kwanza ni kuulizia ukoo.

Ukoo wenyewe sitautaja hapa. Wasomaji wa ukoo huo mko wengi na namba yangu ya simu mnayo. Majina nayo nimeyabadilisha, na wahusika wote wameniruhusu nisimulie. Zita ameniomba jambo moja tu, kwamba sehemu ya leo nisiipitie haraka, maana ndiyo inayomkosesha usingizi.

Tulimwacha Zita ameitwa na baba yake mkubwa, Mzee Wenseslaus, ambaye ndiye baba yake Priska.

Mzee Wenseslaus si mtu wa kufoka. Yeye akikasirika huwa mpole kupita kiasi, na siku ile alikuwa mpole kiasi cha kutisha. Alimkaribisha Zita, akampa ndizi mbivu, akaulizia afya ya mama yake, kisha akamweleza shauri lake. Ama Taratibu ianze kuandika ukoo wa kila mtu mbele ya jina lake, watu wauone, ama yeye atakwenda kwa padri na kwa mchungaji vilevile, Jumapili itangazwe kila kanisa mlimani kwamba watoto waondoke humo.

Zita alijua hiyo ya pili ingeua kazi yake yote. Lakini ya kwanza ingeiua vilevile, ila polepole. Leo wangeandika ukoo, kesho dhehebu, keshokutwa nani ana kihamba, shamba la urithi, na nani hana, na Taratibu ingekuwa ileile ya Dar es Salaam, tofauti yake iko mlimani tu.

Akaomba apewe mpaka Jumamosi. Mzee akampa. Tena akasema Jumamosi hiyohiyo wazazi wa Jesse nao wataitwa, ili jambo liishe mbele ya wote.

Hapo ndipo Zita alipojifungia Pasua, na tukubali kwamba binti huyu akili anayo.

Aliwaza hivi. Wazee hawahitaji kujua ukoo wa kila mtu. Wanahitaji jibu la swali moja tu, kama hawa wawili ni ukoo mmoja au sio. Basi wawili wakishapendana na wakakubaliana kuulizana, kila mmoja aandike ukoo wake kwenye simu yake. Programu ilinganishe, itoe jibu, kisha ifute yote mawili. Ni kama kunong'onea kwenye sikio moja linalojibu neno moja na kusahau. Akakiita kipengele hicho Nong'ona.

Alikijaribu na mama mwenye nyumba wake, ambaye ni Mpare. Simu ikasema: Si ukoo mmoja. Mama mwenye nyumba akasema hilo hata yeye alilijua bila simu, akaondoka kwenda kuanua nguo zake.

Siku ya Ijumaa Jesse akabisha hodi Pasua.

Jesse ni kijana mrefu, mtaratibu, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Siku hiyo hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, akauliza habari za hiki kitu kipya alichoambiwa na Priska.

"Dada Zita, nikiandika ukoo humo, kuna mtu anauona?"

Zita akamwambia hakuna.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Kikishalinganisha kinafuta. Naapa."

Jesse akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akasema asante, akavaa kofia yake, akaondoka akipiga mluzi.

Zita akacheka peke yake. Alidhani ni aibu za kijana anayekaribia kuoa. Wala hakujiuliza kwa nini mtu ambaye ukoo wake umeshatajwa hadharani, mbele ya mbege, aogope kuonekana akiuandika. Akili anayo, nimeshasema, lakini siku ile alikuwa na furaha, na furaha huziba macho.

Jumamosi ikafika.

Pale kwa Mzee Wenseslaus viti vilipangwa uani, kati ya kahawa na migomba. Upande mmoja wenyeji, na shangazi Mektrida mbele yao, kwa sababu shangazi Mektrida hajawahi kukaa nyuma. Upande wa pili wageni wa Mabogini: Jesse, baba yake Mzee Isack, na mama yake, Mama Grace. Walikuja na mbege mpya, maana ile ya kwanza ilishachacha ikamwagwa, na ya leo ilisimama katikati imefunikwa jani la mgomba. Ingefunuliwa jibu likiwa jema. Likiwa baya ingerudi ilikotoka.

Shikamoo zilizunguka, marahaba zikarudi. Zita alipomsalimu Mama Grace alishikwa mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mkono ule ulikuwa wa baridi. Akadhani ni baridi ya Kilema kwa mtu aliyezoea joto la bondeni.

Zita akasimama akaeleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, na Kichagga kidogo pale wazee walipokunja uso. Shangazi Mektrida akauliza kama simu hiyo inajua Kichagga cha Kilema au ni kile cha Machame tu. Watu wakacheka. Zita akajibu inajua chochote utakachoiandikia, na kwamba uzuri wake ni mmoja, haimwambii mtu yeyote ulichoandika.

Mzee Wenseslaus alitikisa kichwa taratibu, ule mtikiso wa mtu anayeanza kukubali. Akasema wazo linaweza kufaa. Hawa wawili wao tayari wanajulikana ni ukoo mmoja, bahati mbaya, lakini hebu wajaribu hapa ili wazee waone kama chombo kinasema kweli. Kikisema kweli, Taratibu itabaki, na padri hatasumbuliwa.

Yaani ulikuwa mtihani ambao jibu lake lilijulikana. Zita akafurahi. Mtihani wa hivyo nani hautaki?

Priska akaandika, uso umeinama, maana kwake ilikuwa kama kuzikwa mara ya pili. Jesse akageuka kidogo, akaandika haraka, akabonyeza.

Simu zote mbili zikalia pamoja.

Priska ndiye aliyesoma kwa sauti, kabla hajafikiri.

"Si ukoo mmoja."

Akaruka. Akamshika Jesse shati. Akarudia kusoma mara ya pili akicheka na kulia, akamwambia baba yake aje aone, si ukoo mmoja, simu imesema.

Kisha akagundua anacheka peke yake.

Mzee Wenseslaus hakuwa na haraka. Alisema, kwa upole wake ule, kwamba haelewi. Aliyetaja ukoo wa kijana huyu alikuwa baba yake mzazi, hapahapa uani, mbele ya watu. Sasa ama simu imekosea, ama kijana ameandika ukoo mwingine. Na kama ameandika ukoo mwingine, ameutoa wapi?

Macho yalianza kutembea. Yalitoka kwa Jesse, yakapita kwa Mzee Isack kwa adabu, bila kukaa, yakaishia kwa Mama Grace. Watu waliangalia wakijifanya hawaangalii, kama wageni mbele ya mnofu wa mwisho kwenye sahani.

Mama Grace alikuwa anafunga khanga yake. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

Jesse aliangalia viatu vyake. Shingo ilikuwa imemshuka. Na Zita alipoiona shingo ile, akakumbuka kofia iliyozunguka mlangoni Pasua, na ule mluzi, akaelewa yote kwa mkupuo.

Mama alikuwa amemwambia mwanawe. Posa ilipovunjika, alipomwona kijana hali wala halali, alimvuta pembeni akamwambia ukweli aliouficha miaka yote, kwamba damu yake si ya Mzee Isack, na kwa hiyo Priska si dada yake. Naye Jesse, kwa akili za mapenzi, aliona njia. Ataunong'onea ukweli kwenye simu isiyosema, simu itatoa jibu zuri, watu watashangilia, na mama hatatajwa. Alimwuliza Zita kama kuna atakayeona. Zita akaapa kwamba hakuna.

Na kiapo kilikuwa cha kweli, ndilo linalouma. Simu haikumtaja mtu. Haikutunza hata herufi. Ilitoa jibu moja tu lililo sahihi, na kwa jibu hilo ikamvua mama wa watu nguo mbele ya wakwe. Zita alitengeneza sikio linalosahau, akaliweka katikati ya watu wasiosahau. Akatamani ardhi ya Kilema ipasuke immeze na simu zake.

Hapo Mzee Isack akakohoa, akasimama.

Alikuwa anatabasamu. Aliwaomba wazee radhi. Alisema huyu kijana tangu shule ana haraka, mwalimu alimchapa akachoka. Sasa kaona mke anaponyoka, kaandika ukoo wowote uliomjia kichwani, ilimradi simu iseme anachotaka. Ni utoto, yasikuzwe.

Kicheko kidogo kikatoka, cha watu waliokuwa wanakitafuta.

"Nipe simu," akamwambia Jesse. "Ukoo ni wangu. Nauandika mwenyewe."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akiinua simu mbali na macho. Priska naye akaandika tena, machozi yanamdondokea kwenye kioo. Simu zikalia.

"Ukoo mmoja," akasoma Mzee Isack, kwa sauti ya kutosha uani pote. Akaketi.

Basi ndiyo hiyo. Chombo kimoja, watu walewale wawili, majibu mawili. Na Mzee Wenseslaus, ambaye hupenda jambo lifungwe vizuri, akamgeukia fundi.

"Zita mwanangu. Simu yako imesema hivi, tena imesema vile. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Ipi ya kweli?"

Msomaji, wewe ungejibuje?

Akisema la kwanza ndilo la kweli, binamu yake anaolewa, Taratibu inapona, na Mama Grace anatelemka mlimani bila uso. Akisema la pili ndilo la kweli, na kwamba Jesse alidanganya, chombo chake kinapona, maana kosa ni la kijana. Lakini Jesse anaitwa mwongo mbele ya baba wa binti anayempenda, na shangazi Mektrida tayari alikuwa amekaza macho kama mtu atakayeuliza kwa nini alidanganya, na ukoo gani aliutaja. Maswali yangeanza, na yasingeishia kwa Jesse.

Ilibaki njia moja. Zita aliiona na hakuipenda hata kidogo. Alikumbuka kazi aliyoiacha, umeme uliokatika katikati ya kazi, chumba cha Pasua kinachovuja upande wa kitanda, na mabango aliyoyabandika kwa mikono yake kote mjini. Akamwangalia Priska, ambaye alimwangalia kwa tumaini lote la dunia.

"Chombo changu kina kosa, baba mkubwa," akasema. "Jibu la kwanza ni kosa langu mimi. Jesse aliandika sawa. Hakifai. Msikiamini."

Priska akatoa sauti moja ndogo, akakimbilia ndani. Jesse akafunika uso.

Mzee Wenseslaus alimtazama Zita kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko ukali. Akasema ahsante kwa kukiri. Kwa kuwa chombo kina kosa na mwenyewe amekiri, yeye hana budi, kesho atamwona padri. Vijana wengine wasije wakafika hapa walipofika hawa. Akawageukia wageni akawaomba wasiondoke na njaa, mtori uko tayari, ila mbege, kwa heshima, irudi na wenyewe.

Watu wakaanza kuinuka. Wazee wakapapasa fimbo zao. Mzee Isack akaja kumrudishia Zita simu, maana ile aliyoandikia Jesse ilikuwa ya Zita ya kufanyia majaribio, akainama kidogo alipompa.

"Aika, binti," akasema chinichini.

Ilikuwa ni asante kubwa mno kwa simu. Zita akamtazama usoni. Alitegemea kuona mtu aliyepigwa na radi, mtu aliyegundua sasa hivi jambo ambalo mwanaume haombei kuligundua mbele ya watu. Hakuona hivyo. Macho ya mzee yalikuwa makavu, na mkono uliompa simu haukutetemeka.

Na aliyeuona mkono ule hakuwa Zita peke yake.

Mama Grace alikuwa hajainuka na wenzake. Khanga yake sasa aliiacha kama ilivyo. Alisimama polepole, akaenda mpaka katikati ya ua, pale mbege iliposimama na jani lake, na waliokuwa wameinuka wakajikuta wanakaa tena mmoja mmoja. Shangazi Mektrida alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza kwenye historia ya Kilema akaufunga bila kusema.

"Wazee wangu, shikamooni," akasema Mama Grace. "Ninyi nitawajibu, ila si sasa."

Akamgeukia mumewe.

"Baba Jesse. Huyu binti ametupa kazi yake yote shimoni kwa kusema uongo, na ameusema kwa ajili yangu. Niliuona unavyomtoka kwa shida. Wewe nawe umesema uongo kwa ajili yangu, lakini wako haukukupa shida. Ulikuwa nao tayari."

Mzee Isack akamwambia kwa Kichagga akae. Hakukaa.

"Kijana wetu leo ameandika jambo ambalo mimi nimelibeba peke yangu tangu hajazaliwa, au nilidhani ni peke yangu. Nilikuwa nakuogopa wewe, kila siku, ndani ya nyumba moja."

Akamsogelea hatua moja.

"Nitazame, Isack. Umejua tangu lini?"